Kumtambua Kweleakwelea: Somo la Kuchunguza Ndege wa Pori katika Uwanda wa Kati

Utangulizi

Mji wa Dodoma uko juu ya uwanda wa kati wa Tanzania, mita zipatazo 1,100 kutoka usawa wa bahari. Mvua hunyesha kwa msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili, na wastani wake kwa mwaka haufiki milimita 600. Kwa sababu hiyo wakulima wa sehemu hizo, hasa Wagogo, wametegemea tangu zamani mtama na uwele, ambayo ni mazao yanayostahimili ukame. Hata hivyo mazao hayo yana udhaifu mmoja. Punje zake hukaa wazi juu ya suke, wala hazifunikwi na maganda kama punje za mahindi. Mara punje zinapoanza kujaa, zikiwa bado laini na zenye majimaji meupe kama maziwa, ndege huanza kuzishambulia.

Hapo ndipo kazi ya kuamia inapoanza. Tangu alfajiri hadi machweo watu hukaa ulingoni wakiwa na kombeo na madebe ya kupiga kelele. Mara nyingi wanaopewa kazi hiyo ni watoto, ambao wangepaswa kuwa darasani. Kwa mtu aliyekesha akilinda shamba, kila ndege mdogo ni mwizi. Lakini si kila ndege aonekanaje karibu na mtama ni adui wa mtama. Wako wanaokula wadudu waharibifu, wako wanaokula mbegu za magugu, na wako wachache ambao kweli huweza kulimaliza shamba kwa siku chache. Mkuu wa kundi hili la mwisho ni kweleakwelea, ambaye kwa lugha ya sayansi huitwa Quelea quelea.

Somo hili linaeleza jinsi ya kumtambua ndege kwa alama za mwili wake, na jinsi elimu hiyo inavyotumika kumtenga kweleakwelea na ndege wanaofanana naye. Kanuni inayoongoza somo lote ni hii: ndege hatambuliwi kwa alama moja, bali kwa jumla ya alama kadhaa zinazokubaliana.

Mambo sita ya kuchunguza

Tanzania ina spishi za ndege zaidi ya 1,100. Hakuna mtu anayeweza kuzikariri zote kwa mara moja, wala hakuna haja ya kufanya hivyo. Mchunguzi mzuri hujiuliza maswali machache kwa utaratibu uleule kila mara, na kuandika majibu yake kabla ndege hajaruka.

(a) Ukubwa. Kwa kuwa ndege wa pori hawezi kupimwa kwa rula, hulinganishwa na ndege anayejulikana na kila mtu: shomoro, njiwa, kunguru au kuku. Kauli kwamba "ni mdogo kuliko shomoro" ina faida kubwa kuliko kauli kwamba "ni mdogo sana".

(b) Mdomo. Umbo la mdomo hueleza chakula cha ndege. Mdomo mfupi, mnene, wenye umbo la pia, ni wa kupasulia mbegu. Mdomo mwembamba uliopinda, kama wa chozi, ni wa kufyonzea asali ya maua. Mdomo wenye ncha iliyopinda kama ndoana, kama wa mwewe, ni wa kuraruria nyama. Baada ya umbo, huangaliwa rangi.

(c) Kichwa na jicho. Huangaliwa rangi ya utosi, ya mashavu na ya koo. Kama kuna mstari juu ya jicho. Rangi ya jicho lenyewe. Na rangi ya ngozi inayolizunguka.

(d) Mabawa na mkia. Alama hizi huonekana vizuri zaidi ndege anaporuka. Mwewe hujulikana kwa mkia wake wenye panda. Tai aitwaye pungu ana mabawa marefu na mkia mfupi mno, hata nyayo zake huchomoza nyuma ya mkia akiwa angani. Kwa hiyo wawili hao hutambulika hata wakiwa juu sana, mahali ambapo rangi haionekani tena.

(e) Miguu. Huangaliwa urefu, rangi na mpangilio wa vidole. Kasuku na gogota wana vidole viwili mbele na viwili nyuma, kwa ajili ya kushika na kupanda. Ndege wengi wengine wana vitatu mbele na kimoja nyuma.

(f) Mwenendo, sauti na kiota. Ndege yuko peke yake au katika kundi? Anatembea au anarukaruka? Kiota chake kimesukwa kwa majani au kimejengwa kwa vijiti? Mara nyingi swali hili la mwisho ndilo linalotoa hukumu pale ambapo rangi imeshindwa.

Maonyo matatu kutoka kwa ndege wa Dodoma

Onyo la kwanza: alama moja haitoshi. Mwanafunzi akiambiwa kwamba kweleakwelea ana mdomo mwekundu, anaweza kudhani kwamba amemaliza kazi. Lakini katika pori la migunga na mibuyu la uwanda wa kati wako ndege wengine wengi wenye midomo myekundu. Yuko mnana mkubwa mweusi (Bubalornis niger), ambaye hujenga rundo la vijiti vya miiba juu ya mibuyu. Yuko kasuku mdogo wa kijani mwenye kichwa cheusi na ukosi wa manjano (Agapornis personatus), ambaye asili yake ni Tanzania. Yuko pia hondohondo. Wote wana midomo myekundu, na hakuna hata mmoja aliye kweleakwelea. Swali la ukubwa na la umbo la mdomo huwatenga mara moja.

Onyo la pili: dume na jike huweza kutofautiana. Katika aina moja ya hondohondo wa nchi kavu, Tockus deckeni, dume ana mdomo mwekundu wenye ncha ya manjano, na jike ana mdomo mweusi. Mtu asiyejua hilo ataandika katika daftari lake aina mbili za ndege, ilhali ameona mume na mke.

Onyo la tatu: tofauti ndogo huweza kuwa tofauti kubwa. Kwezi anayependeza macho katika viwanja vya vijiji vingi (Lamprotornis superbus) ana mgongo wa buluu-kijani unaong'aa, tumbo la rangi ya kutu, mshipi mweupe kifuani na jicho jeupe. Kaskazini ya uwanda huo yuko ndugu yake, Lamprotornis hildebrandti, ambaye kwa mbali ni kama yeye, lakini hana mshipi mweupe, na jicho lake ni jekundu la rangi ya machungwa. Vilevile hondohondo mwenye mdomo mwekundu wa Tanzania ya kati ana ngozi nyeusi kuzunguka jicho, na jicho lenyewe ni la manjano. Kwa muda mrefu alihesabiwa pamoja na jamaa zake wa sehemu nyingine za Afrika. Mwanzoni mwa karne ya 21 wataalamu walimweleza kuwa spishi ya pekee na kumpa jina Tockus ruahae, kwa kuukumbuka Ruaha. Rangi ya ngozi ya uso ilikuwa mojawapo ya alama zilizomtofautisha.

Ndege asiye na rangi za kuvutia naye asidharauliwe. Kwezi wa kijivu (Lamprotornis unicolor), mwenye mkia mrefu, mwili wa kijivu-hudhurungi usio na pambo lolote, na jicho jeupe, hupatikana Tanzania tu. Wageni husafiri kutoka mbali ili kumwona ndege ambaye mtoto wa Dodoma anaweza kumpita njiani bila kugeuza shingo.

Kweleakwelea mwenyewe

Kweleakwelea ni ndege mdogo, mwenye urefu wa sentimita 12 hadi 13 na uzito wa gramu 20 hivi. Mgongo wake ni wa hudhurungi yenye michirizi myeusi, na tumbo lake ni jeupe lililofifia. Mkia ni mfupi. Mdomo ni mnene, wenye umbo la pia, ulioumbwa kwa ajili ya mbegu.

Rangi yake hubadilika kwa majira, na hapo ndipo makosa mengi yanapotokea. Wakati wa kutaga, dume huvaa barakoa usoni, ambayo kwa kawaida ni nyeusi, lakini kwa baadhi ya madume ni nyeupe. Kuzunguka barakoa hiyo, utosini na kifuani, manyoya huwa na wekundu wa waridi au manjano iliyofifia. Hivyo madume wawili wa kundi moja wanaweza kuonekana kama spishi mbili. Mdomo wa dume mzima ni mwekundu mwaka mzima. Mdomo wa jike ni mwekundu nje ya majira ya kutaga, lakini homoni za uzazi zinapoongezeka hugeuka kuwa wa manjano. Makinda huanza na midomo isiyo myekundu, ambayo huwa myekundu baada ya miezi michache. Majira ya kutaga yakiisha, dume hupoteza barakoa, na hapo jike na dume hufanana kabisa: hudhurungi, michirizi, mdomo mwekundu.

Mwenendo wake ni alama kubwa kuliko rangi. Kweleakwelea huruka katika makundi yaliyoshikamana, ambayo kwa mbali huonekana kama moshi unaojikunja na kujikunjua. Kundi linapokula chini, walio nyuma huruka juu ya wenzao na kutua mbele, hata kundi zima huonekana likibiringika shambani. Jioni hurudi kulala pamoja katika vichaka vya miiba au katika matete.

Hutaga kwa pamoja. Dume husuka kwa majani mabichi kiota kidogo cha mviringo, chenye mlango ubavuni, kisicho na bomba refu la kuingilia. Jike hutaga kwa kawaida mayai matatu yenye rangi ya buluu-kijani iliyofifia. Mayai huatamiwa kwa siku 10 hadi 12. Siku za mwanzo makinda hulishwa wadudu, kisha mbegu, na baada ya majuma mawili hivi huanza kutoka kiotani. Tangu kusuka hadi makinda kujitegemea hupita majuma sita tu. Maelfu ya viota huweza kutundikwa katika migunga ya hektari chache.

Idadi ya ndege hawa katika Afrika hukadiriwa kufikia bilioni moja na nusu, na husemwa kwamba hakuna ndege wa pori mwenye idadi kubwa kuliko yeye duniani. Kila mmoja huhitaji gramu 10 hivi za mbegu kwa siku. Kiasi hicho ni kidogo, lakini kundi la ndege 1,000,000 huhitaji kilo 10,000, yaani tani 10, kila siku.

Inafaa kusisitizwa kwamba chakula anachokipenda kweleakwelea ni mbegu ndogo za nyasi za porini. Mvua za kwanza zinaponyesha, mbegu zilizolala ardhini huota, na chakula chake hutoweka ghafula. Hapo hulazimika kuhama na kwenda mahali ambako mvua ilitangulia na nyasi zimekwisha kuzaa tena. Mtama na uwele hushambuliwa zaidi pale mbegu za nyasi zinapokuwa haba. Kwa hiyo kuonekana kwa kweleakwelea porini si sawa na kuonekana kwake shambani.

Wanaofanana naye

Ndege wafuatao ndio ambao mara nyingi huchanganywa na kweleakwelea katika uwanda wa kati.

1. Kwelea mwenye kichwa chekundu (Quelea cardinalis). Ni mdogo kidogo kuliko kweleakwelea. Dume anayezaliana ana kichwa chote chekundu, lakini mdomo wake ni mweusi. Jike ana mdomo wa rangi ya pembe. Kanuni fupi: kweleakwelea ana mdomo mwekundu, ndugu yake ana kichwa chekundu.

2. Kweche (jamii ya Euplectes). Wakati wa kuzaliana dume huvaa manyoya mekundu au ya manjano pamoja na meusi, na hakuna anayemkosea. Nje ya majira hayo dume na jike huwa na rangi ya hudhurungi yenye michirizi, kama kweleakwelea. Kinachowatenga ni mdomo: wa kweche ni wa rangi ya pembe au hudhurungi, si mwekundu.

3. Mnana wa manjano (jamii ya Ploceus). Wengi wana tumbo la manjano na barakoa nyeusi. Barakoa hiyo humfanya mtu amdhanie kuwa kweleakwelea, lakini mdomo wa mnana dume ni mweusi. Viota vyake huning'inia mitini, mara nyingi katikati ya kijiji.

4. Mnana wa rangi ya kahawia-nyekundu (Ploceus rubiginosus). Huyu ndiye mwenye kupotosha zaidi, kwa sababu naye hutaga katika makazi makubwa kwenye migunga. Dume ana kichwa cheusi na mwili wa kahawia-nyekundu. Mdomo si mwekundu.

5. Kwezi-nzige (Creatophora cinerea). Naye huruka katika makundi yaliyoshikamana na hutaga kwa pamoja katika miti ya miiba. Lakini ni mkubwa, sentimita 21 hivi. Mwili wake ni wa kijivu, mabawa na mkia ni vyeusi, na kiuno cheupe huonekana wazi anaporuka. Wakati wa kuzaliana dume hupoteza manyoya ya kichwa na kubaki na ngozi ya manjano na nyeusi. Kiota chake ni rundo la vijiti, si kazi ya kusuka. Ndege huyu hufuata nzige na kuwala. Ni rafiki wa mkulima.

Gharama ya kosa

Mtu anaweza kuuliza: kuna hasara gani mwanafunzi akimwita kweche kweleakwelea? Hasara ipo, na ni ya pande mbili.

Upande wa kwanza ni wa chakula. Makazi ya kutagia yasipotambuliwa mapema, majuma sita hupita upesi, na makinda wengi huingia mashambani wakati mtama unapokomaa. Taarifa iliyochelewa haiwezi kuokoa mavuno.

Upande wa pili ni wa sumu. Makundi makubwa yanayotishia mashamba hunyunyiziwa dawa iitwayo fenthioni, mara nyingi kwa ndege za angani, wakati wa machweo kweleakwelea wanaporudi malaloni. Katika kazi hiyo Tanzania hushirikiana na jirani zake kupitia Shirika la Kudhibiti Nzige wa Jangwani la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1962. Fenthioni huzuia kazi ya kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi, ambacho huhitajika ili neva zifanye kazi sawasawa. Sumu hiyo haichagui. Bundi na mwewe wanaookota kweleakwelea waliokufa au wanaotapatapa huweza kufa pia, na binadamu naye yumo hatarini. Mwaka 2025 nchi zilizo katika Mkataba wa Rotterdam ziliiingiza fenthioni kali ya kunyunyizia mashambani katika orodha ya kemikali ambazo nchi haiuziwi bila kwanza kuarifiwa na kutoa kauli yake.

Basi mtu anayetoa taarifa ya makazi ya kwezi-nzige kwa kudhani ni ya kweleakwelea anaweza kusababisha kuuawa kwa ndege walao nzige, na mtama usiokoe hata suke moja.

Katika Wilaya ya Kondoa wananchi wana njia nyingine ya zamani: huwanasa kweleakwelea kwa wingi na kuwafanya kitoweo. Njia hiyo haitii sumu ardhini, na aliyekosewa huweza kuachiwa aruke akiwa hai, mradi mtegaji anawajua ndege wake. Jambo moja tu ni mwiko: ndege waliookotwa mahali palipopigwa dawa wasiliwe kamwe.

Taarifa inayofaa kupelekwa kwa bwana shamba ina mambo matano: tarehe na saa, mahali, mdomo na uso wa ndege vilivyoonekana kwa karibu, umbo la kiota na kilichomo, kama ni mayai au makinda, na umbali wa mashamba yaliyo karibu pamoja na hali ya mazao yake. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kuiandika taarifa hiyo kwa daftari na penseli tu. Darubini ikiwapo ni heri, lakini macho yenye utaratibu hutangulia darubini.

Kazi ya darasani

1. Wanafunzi wagawanywe katika vikundi vya watu wanne. Kila kikundi kichague mti mmoja karibu na shule na kuuchunguza kwa nusu saa, asubuhi na jioni, kwa siku tano. Kila ndege aandikwe kwa kufuata mambo sita yaliyoelezwa, kabla ya kupewa jina.

2. Kila kikundi kikusanye kwa wazee majina ya ndege hao kwa Kigogo, Kirangi au lugha nyingine ya mahali hapo, na kulinganisha: je, jina moja hutumika kwa ndege zaidi ya mmoja?

Maswali

1. Ndege mdogo wa hudhurungi mwenye michirizi ameonekana shambani mwezi Septemba. Mdomo wake ni wa rangi ya pembe. Je, ni sahihi kumwita kweleakwelea? Toa sababu.

2. Mwanafunzi ameona katika makazi ya kutagia ndege wenye midomo myekundu na wengine wenye midomo ya manjano. Eleza jinsi wote wanavyoweza kuwa spishi moja.

3. Kundi la kweleakwelea 400,000 limekaa karibu na kijiji kwa siku 15. Ikiwa robo ya chakula chao ilikuwa mtama wa wakulima, ni magunia mangapi ya kilo 100 yaliyoliwa?

4. Eleza kwa nini mvua za kwanza, ambazo humfurahisha mkulima, humletea kweleakwelea njaa.

5. Taja alama tatu ambazo zingemzuia mtu asikosee makazi ya kwezi-nzige kuwa ya kweleakwelea.